"Baadaye" ni Lini? Historia ya Tangazo la Mtandao Kufungwa

Wengi hapa mmeandika historia ya nchi tulizotoka, na nimesoma zote. Mimi leo nimechukua kitu kidogo zaidi: ile sentensi inayotokea kwenye simu wakati mtandao wa ofisi fulani umefungwa. "Huduma haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye." Nani aliianzisha, na kwa nini mpaka leo haisemi chochote?

Mtu wa mjini akiiona anarudisha simu mfukoni anaendelea na kazi zake. Sisi wa Dzaleka hesabu yetu ni nyingine. Kambi iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, na kutoka tu unahitaji ruhusa. Tangu Mei 2023, polisi walipoanza kuwakusanya wakimbizi waliokuwa wanaishi na kufanya biashara Lilongwe na kuwaleta huku, hakuna anayeenda mjini kutembea tu. Ukipata ruhusa unatafuta nauli ya matola, halafu ya minibasi. Ukibaki kambini unanunua bando, na kambi hii ilipangiwa watu 10,000 hivi, sasa tuko zaidi ya 50,000 tunavuta mtandao kwa pamoja. Kwa hiyo "jaribu tena baadaye" kwetu ina bei, na kila kujaribu unalipa. Mimi najitolea kusaidia watu kujaza fomu, na mama mmoja nilipomtafsiria sentensi hiyo aliniuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike: "Baadaye ni lini, papa?"

(Kumbe hata jina la mahali tunapoishi linahusu kuacha. Kabla ya 1994 hapa palikuwa gereza la wafungwa wa siasa wa Kamuzu Banda, na Dzaleka kwa Chichewa ni kama kusema "nitaacha, sitarudia tena." Halihusiani na kompyuta, ila nimeshindwa kulipita.)

Tuanze nyuma kidogo, kabla ya intaneti. Kiswahili kilikuwa tayari na aina yake ya tangazo la huduma kusimama, na mimi naona ni bora kuliko mengi ya leo. Ni tangazo la TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Waliopita Tanzania wamelisikia redioni au wamelisoma gazetini. Linataja tarehe. Linataja kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Linataja sababu: kubadilisha nguzo zilizooza, kukata miti inayogusa nyaya, matengenezo ya kituo. Halafu linataja mitaa itakayokosa umeme, mmoja mmoja kwa jina, ili usikae ukijiuliza kama na wewe umo. Mwishoni linakuonya usiguse waya uliokatika, na linaomba radhi kwa usumbufu.

Kwa nini lilitoka zuri hivyo? Nadhani ni kwa sababu ya waya. Umeme unaua. Asiyeambiwa kinachoendelea anaweza kudhani ni hitilafu ya nyumbani kwake, akapanda juu ya bati na koleo. Hapo tangazo halikuwa adabu tu, lilikuwa kinga. Hapa Malawi nako tunaijua hali hiyo. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, nchi ilipoteza karibu megawati 130 kwa mpigo, na mgao wa umeme ukawa mkali. Watu walikasirika sana, lakini walijua jina la bwawa na jina la kimbunga. "Magetsi azima" ilikuwa na sababu unayoweza kumweleza mtoto.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Simu yako inapofungua ukurasa, inaongea na kompyuta nyingine iliyo mbali, tunaiita seva, kwa lugha ya kanuni inayoitwa HTTP. Kanuni hizo zilichapishwa mwaka 1996, na mmoja wa walioziandika ni Tim Berners-Lee, yule aliyebuni kurasa za intaneti. Ndani yake kuna namba za majibu. 404 mnaijua: kitu unachotafuta sikipati. Ila kuna nyingine, 503, na maana yake ni tofauti kabisa: nipo, lakini sasa hivi siwezi kukuhudumia, nimezidiwa au niko kwenye matengenezo, na hali hii ni ya muda. Hiyo ndo mama wa sentensi yetu.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Kanuni mpya za 1997 zikaweka na mstari mwingine unaoweza kwenda pamoja na 503. Mstari huo kazi yake ni moja, kusema rudi lini: rudi baada ya sekunde 3600, au rudi tarehe fulani saa fulani. Yaani swali la yule mama lilishapewa nafasi yake tangu 1997! Tatizo ni mawili. Kwanza mstari huo ni wa hiari, mwenye seva anaweza kuuacha. Pili, hata akiuandika, unasomwa na mashine, sio na mtu. Kwenye kioo cha simu hauonekani. Mashine zinaambiwa lini, binadamu anaambiwa baadaye.

Tuseme basi mwenye mtandao amekubali kutaja saa. Saa ya nani? Kuna kisa cha Juni 2009 kinachofaa hapa. Tarehe 12 mwezi huo Iran walipiga kura, matokeo yakagombaniwa, watu wakajaa barabarani Tehran, na wengi walikuwa wanapashana habari kwa Twitter. Siku hizo hizo Twitter ilikuwa imetangaza matengenezo. Yalipangwa usiku, wakati watumiaji ni wachache. Lakini usiku huo ni wa California. Tehran ilikuwa itakuwa asubuhi, watu wako barabarani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikawaomba wasogeze, na Twitter wakasogeza mpaka Juni 16 saa 8 mchana kwa saa za kwao, ambayo Iran ilikuwa saa 7 na nusu usiku. Tangazo lao jipya likataja na saa ya Iran. Wamarekani ndo wakakosa huduma mchana.

Kila matengenezo yana "usiku" wa mtu fulani, na kawaida sio wetu. Tena kwetu kuna tatizo jingine ambalo watu wa California hawalijui. Mswahili akisema saa 2 asubuhi, mwandishi wa Kiingereza ameandika 8. Warundi wanahesabu kama Waswahili, na Waethiopia wetu hapa nao wanahesabu hivyo hivyo, mchana unaanza na saa moja. Lakini Mmalawi akisema kwa Chichewa anafuata saa ya Kiingereza, na wenzetu wengi waliosoma Kifaransa Kongo wanachanganya. Karatasi iliyoandikwa "saa 2" mlangoni inaweza kuleta watu wa saa mbili tofauti, na wengine wakaja mchana saa nane wakiwa sahihi kabisa kwa hesabu yao.

Hapo bado tunaongelea kuchelewa tu. Kuna jambo linalouma zaidi ya kuchelewa, na ndo hasa nilitaka kufikia. Ni hili: nilichokwisha kutuma kimepona au kimekufa? Kwenye hilo hakuna historia nzuri kuliko ya bahati nasibu ya viza ya Marekani, ambayo wengi mnaiita green card, na ambayo hata mkimbizi aliweza kucheza kwa nchi aliyozaliwa kama nchi hiyo ilikuwemo.

Mwanzoni mwa Mei 2011 matokeo yalitoka kwenye mtandao wao. Watu kama 22,000 duniani wakasoma kwamba wamechaguliwa. Wengine wakaanza kuaga. Tarehe 13 Mei, Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba matokeo yote yamefutwa. Programu ya kompyuta ilikuwa na kosa: asilimia 90 ya waliochaguliwa walikuwa wameomba ndani ya siku mbili za kwanza, na sheria inataka uchaguzi wa bahati kwa wote. Kura ikarudiwa, matokeo mapya yakatoka Julai 15. Baadhi ya waliofutwa walikwenda mahakamani Marekani wakashindwa.

Lakini mimi nikisoma lile tangazo la Mei, kama tangazo, naliona limefanya kazi yake. Lilisema nini kimeharibika, kwa nini, na kwamba aliyeomba hana haja ya kuomba upya, maombi yote ya mwanzo yanaingia tena. Habari ilikuwa chungu ila hakuna aliyebaki bila kujua afanye nini.

Linganisha na Oktoba 2017. Maombi yalifunguliwa Oktoba 3. Baada ya wiki moja wakagundua tatizo la kiufundi, wakafunga, na wakatangaza: yote yaliyotumwa kati ya Oktoba 3 na 10 hayahesabiki, aombe tena kila mtu kuanzia Oktoba 18 mpaka Novemba 22. Tangazo lilikuwa wazi, silisemi vibaya. Lilisema na kwamba kutuma mara ya pili hakutahesabiwa kama kurudia.

Tatizo lilikuwa mahali lilipokaa. Lilikaa kwenye ukurasa wenyewe. Sasa fikirieni mtu anayejaza kwenye kibanda cha intaneti kambini au mjini, sehemu yoyote ya Afrika Mashariki. Analipia picha, analipia kujaziwa, ingawa kuomba kwenyewe wakati huo kulikuwa bure. Anapewa karatasi yenye namba ya uthibitisho, anaikunja anaiweka ndani ya Biblia au Kurani, na anasubiri Mei. Huyo hana sababu ya kurudi kwenye ukurasa ule mwezi Oktoba. Na kama akisikia kwa jirani kwamba inatakiwa kuomba tena, hataamini, kwa sababu sheria aliyofundishwa na kila mtu ni moja: ukituma mara mbili unafutwa. Mwaka mmoja huo, kurudia ndo kulikuwa sahihi. Aliyefuata sheria bila kusoma tangazo alijitoa mwenyewe bila kujua, na Mei alipoangalia aliambiwa tu hakuchaguliwa, akadhani ni bahati.

Kwa hiyo nikipima tangazo la mtandao kufungwa, sianzi na lugha nzuri wala pole. Naangalia limemfikiria nani. Aliyefika sasa hivi akakuta mlango umefungwa, huyo anafikiriwa na wote. Aliyeshaingia, akatuma, akaondoka, huyo ndo anasahaulika, na mara nyingi ndo mwenye kupoteza zaidi.

Kuna na wale ambao tangazo lao halina pa kukaa kabisa. Oktoba 4, 2021, jioni yetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa karibu saa sita. Kampuni moja, watumiaji zaidi ya bilioni 3. Mafundi walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, wakatoa amri iliyokata mawasiliano ya vituo vyao vyote, na programu ya kuzuia amri mbaya nayo ilikuwa na kasoro. Wafanyakazi wenyewe hawakuweza kutumia vifaa vyao vya ndani. Taarifa waliitoa wapi? Twitter, kwa jirani. Na WhatsApp waliandika kwamba wanajua baadhi ya watu wanapata shida.

Baadhi! Ni dunia nzima. Neno "baadhi" linaonekana dogo, lakini angalia linachofanya. Mtu anayesoma "baadhi ya watumiaji" anafikiri tatizo ni simu yake, laini yake, bando lake limeisha. Anazima na kuwasha, anatoa laini na kuirudisha, ananunua bando jingine. Na wasiokuwa na Twitter hawakuona hata hilo "baadhi". TANESCO wangetaja mitaa. Maelezo kamili ya Facebook yalitoka kesho yake, marefu na ya kweli, na ukiyasoma utajifunza mengi kuhusu intaneti. Ila ni ya mafundi, na yalikuja huduma imeshapona.

Mwisho nirudi karibu, hapa Lilongwe. Mwanzoni mwa 2024 Idara ya Uhamiaji ya Malawi iliacha kutoa pasipoti. Maelezo ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, mfumo una hitilafu. Watu walikuwa wanatoka wilaya za mbali, wanafika, wanarudi. Februari 21 Rais Lazarus Chakwera akasimama Bungeni akasema jambo jingine: mfumo umevamiwa na wahalifu wa mtandao, wanadai fedha, na serikali haitalipa. Akaipa idara wiki tatu kupata njia ya muda ya kuendelea kuchapisha.

Sisi wakimbizi pasipoti ya Malawi haituhusu, ila niliifuatilia kwa sababu inaonyesha ugumu wa upande wa pili pia. Ukiwa umevamiwa, huwezi kueleza kila kitu siku ya kwanza, mhalifu naye anasoma. Hilo nalikubali. Lakini kutosema sababu hakukuzuii kusema mengine. Unaweza kuficha kilichotokea na bado ukamwambia mtu wa Karonga: usisafiri wiki hii, risiti yako ya malipo bado ni halali, tutatangaza tena Ijumaa. Hakuna siri inayovuja hapo. Naona wakubwa wengi wanachanganya mambo hayo mawili. Wakiona hawawezi kusema sababu, wananyamaza na yale yasiyo siri. Halafu uvumi unajaza nafasi, na kwenye uvumi daima kuna mtu wa kukuuzia njia ya mkato. Hapa kambini tunawajua: mtandao ukifungwa siku mbili, kuna anayepita nyumba kwa nyumba akisema yeye anajua mtu ndani.

Tukirudi kwenye meza yetu, mitandao tunayotumia sio yetu, hatuwezi kuifungua wala kuandika kwenye kurasa zake. Lakini karatasi ya mlangoni na ujumbe wa hili kundi ni vyetu. Hii ndo rasimu niliyoandika, kwa mfano wa fomu ya masomo, na tarehe ni za mfano tu:

FOMU YA MASOMO: MTANDAO UMEFUNGWA tangu Jumanne saa 4 asubuhi (10:00). Wenye mtandao wanautengeneza. Sisi hapa mezani hatuwezi kuufungua, na hakuna mtu kambini anayeweza, usimlipe yeyote. Wamesema utafunguliwa Alhamisi saa 2 asubuhi (08:00 za Malawi). Kama ulishatuma na una namba ya uthibitisho: usitume tena, tunza namba. Kama uliishia katikati: kurasa ulizojaza hazikuhifadhiwa, njoo na karatasi zako zote tuanze upya. Siku ya mwisho ya kutuma: hatujaambiwa kama imesogezwa, kwa hiyo hesabu kwamba haijasogezwa. Usije mezani kabla ya Alhamisi. Tutaandika tena hapa kesho saa 10 jioni (16:00), hata kama hakuna jipya.

Mstari wa mwisho nimebishana nao na wenzangu. Wanasema kuandika wakati huna jipya ni kupoteza karatasi. Mimi nasema mtu anayejua kwamba kesho saa 10 kuna neno, leo hatatembea kuja kuuliza. Na ule wa siku ya mwisho mmoja alisema unatisha watu. Labda. Lakini afadhali mtu awahi bila sababu kuliko asubiri nyongeza ambayo hakuna aliyeahidi.

Herufi kubwa ni kwa ajili ya wale wanaosomea mbali bila miwani. Picha ya simu yenye alama ya mkato nitaichora juu, kwa wasiosoma. Ninachokosa ni lugha. Kiswahili hicho hapo, Kifaransa najaribu. Wenye Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Kiamhara kizuri, nitumieni tafsiri kabla ya Jumamosi, na mwenye kuandika saa aziandike zote mbili. Nusu ya chini ya karatasi nimeiacha wazi.